Seva ya Ghala la Kiringye

Noella hutunza seva ya ushirika wa wakulima wa mpunga wa Kiringye. Chumba chake kiko nyuma ya ghala, upande usiopigwa na jua la mchana, na nyaya za paneli za sola huingia humo kupitia tundu alilolitoboa mwenyewe na kuliziba kwa saruji ili panya wasipite. Alijifunza ufundi wa kompyuta katika kituo kimoja cha mafunzo mjini Uvira, kisha akarudi kwao kwenye tambarare ya mpunga wakati wenzake wakitafuta kazi Bukavu. Si msemaji. Akiulizwa jambo hunyamaza kwanza, na wengi hudhani hakusikia.

Mizani ni jambo zito Kiringye. Zamani kila mnunuzi alikuja na mizani yake, na gunia lililowatoa jasho wanaume wawili liligeuka jepesi ajabu likishatundikwa hapo. Noella ndiye aliyewashawishi wakulima wapime kwenye mizani ya ushirika. Uzito unaandikwa katika simu, simu inaupeleka kwenye seva, na seva inatoa boni, karatasi ambayo mnunuzi huifuata katika kulipa bila kupima tena. Wakulima walikubali kujaribu msimu mmoja, kwa sharti: boni zikichelewa hata lori likaondoka tupu, kila mtu atarudia mizani ya mnunuzi.

Seva ya kwanza iliungua kabla ya mavuno. Noella alipanda pikipiki hadi Kalundu, bandari ya Uvira, kwa Sumaili, ambaye babu zake waliuza chumvi na vitambaa ziwani, naye huuza kompyuta zilizokwisha kutumika zinazovushwa kutoka Kigoma. Sumaili alimwekea mashine mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa na prosesa mbili zenye viini vingi vya kufanya kazi kwa wakati mmoja, lakini memori yake ilikuwa ndogo. Ya pili ilikuwa na prosesa moja tu, yenye viini vichache vya kasi, na nafasi zake zote za memori zilikuwa zimejazwa bareti, vile vipande vya memori vinavyochomekwa.

"Wateja wote banachagua hii ya vichwa vingi," Sumaili alisema. "Lakini weye uko fundi. Nikikudanganya, utanirudishia mashine mbele ya watu."

"Watu watatuma uzito wote mara moja, Kaka Sumaili. Ile kazi iko inaomba viini vingi."

"Na memori?"

"Ombi la muntu mumoja ni maneno kidogo tu. Haijaze kitu."

"Basi chukua. Miye sibishanaki na muntu mwenye ameshafungua mufuko."

Noella alikuwa na sababu ya kutaka viini vingi. Kiringye, wakulima wanaokunywesha mashamba yao kwa mfereji mmoja hupima pamoja, na hakuna anayeuza kabla ya jirani yake; boni nazo hutolewa zote pamoja. Desturi hiyo ilizaliwa na ugomvi: aliyeuza kwanza aliuza vizuri, wa mwisho akakuta bei imeshuka. Kwa hiyo wapimaji huuweka uzito katika simu zao hadi gunia la mwisho la mfereji lishuke. Hapo Mzee Itangishaka, msimamizi wa mfereji, huinua mkono, na wote hutuma. Seva hukaa asubuhi nzima bila kazi, kisha huletewa kazi yote kwa pamoja. Noella aliona wingi wa maombi, akanunua wingi wa viini. Jambo ambalo hakulipima ni kwamba kila kazi inayoanzishwa katika kiini hufungua nakala yake ya orodha nzima ya wanachama, na nakala hizo zote hukaa katika memori.

Siku ya mavuno ya kwanza mkono wa Mzee Itangishaka uliinuliwa, simu zikatuma, na seva ikaganda. Noella alitazama skrini. Viini havikuwa vimelemewa. Karibu vyote vilikuwa vikingoja. Memori ilikuwa imejaa, na seva ilikuwa ikihamishia nakala kwenye diski na kuzirudisha, ziende zirudi, katika diski isiyoweza mwendo huo. Taa ya diski haikupepesa tena. Iliwaka moja kwa moja.

Nje, mnunuzi aitwaye Ciza alitundika mizani yake nyuma ya lori.

"Hii yangu haiombake umeme ya jua," aliwaambia watu. "Wenye haraka, bakuje. Wenye kupenda kompyuta, balale nayo."

Watu walicheka. Mama Agnès, mjane mwenye shamba la mwisho wa mfereji, aliburuta magunia yake hadi kwenye lori, Ciza akayapima na kuyapakia, na wengine wakaanza kumtazama.

Mzee Itangishaka alikuja hadi mlangoni mwa chumba.

"Mwanangu, banaanza kuondoka."

"Nimeipa wafanyakazi wengi, Mzee, na chumba ni kidogo. Nikiacha wachache tu wafanye kazi, itatembea. Lakini itamaliza mumoja nyuma ya mwingine."

"Kwa hiyo kuna mwenye atapata mbele ya mwenzake?"

Noella aliigeukia printa. Mzee hakuondoka.

"Hapana," alisema hatimaye. "Itahesabu mumoja mumoja. Printa nitaifunga mpaka hesabu ya wa mwisho iishe. Karatasi zitatoka zote pamoja."

"Yenye iko ndani ya mashine, sisi hatuione. Sisi tunaonaka mikono yenye inapokea karatasi. Fanya."

Noella alizima programu, akapunguza idadi ya kazi zinazoruhusiwa kwenda sambamba hadi nakala zao zitoshe katika memori, akaiwasha tena na kuwaomba wapimaji watume upya. Viini vingi sasa vilikaa bure, na hesabu ikaenda. Taa ya diski ilirudia kupepesa. Maombi yalipokwisha aliifungua printa.

Mzee Itangishaka alizipokea boni akazigawa kwa kufuata mashamba. Katika furushi hilo ilikuwamo ya Mama Agnès, kwa kuwa naye alikuwa amepima kwenye mizani ya ushirika pamoja na wenzake. Alimpelekea pale kwenye lori. Mama Agnès aliisoma, akakuta kilo nyingi kuliko alizopimiwa na Ciza, akamwangalia, akaisoma tena.

"Shusha magunia yangu."

"Mama, nilishakupima."

"Uzito wako, baki nao. Magunia ni yangu. Shusha, ao ulipe yenye iko hapa."

Wenzake wa mfereji walikuwa wamekwisha kulizunguka lori, kila mmoja na boni yake mkononi. Ciza aliwatazama, kisha akaitungua mizani yake, akaisukuma chini ya kiti cha dereva, na kunyoosha mkono apokee boni ya kwanza.