Mwendo wa Georgette

Solange anakaa mtaa wa Kabondo, na kazi yake ni kuzipa miguu picha za watu wengine. Anachukua mchoro uliokauka zamani ukutani, anauingiza kwenye kompyuta na kuuchora upya, hatua kwa hatua, mpaka unatembea. Sisi majirani tunachoka kwa kumtazama tu. Umeme ukikatika, yeye anapiga mwayo na kungoja.

Mwaka huu, kwa ajili ya filamu, alishika turubai zilizochorwa na papa Timothée, mchoraji wa zamani wa mtaa wa Makiso. Mzee alikubali kwa sharti moja: mke wake Georgette, marehemu, asigeuzwe mtu mwingine. Akikosewa, picha zote zinarudi nyumbani, na filamu imekufa. Kwenye turubai Georgette amesimama akitutazama, beseni la samaki kichwani. Solange alitaka ageuke, ashuke mtoni.

Akamgeuza. Mzee akatazama, akatikisa kichwa.

"Huyu haiko Georgette."

"Alikuwa anatembeaka namna gani, papa?"

"Mi nilikuwaka natembea mbele," alisema.

Ndivyo tulivyowaona siku zote: bwana mbele, mikono mitupu, mke nyuma na mzigo. Baba yangu ni vivyo hivyo, kwa hiyo sicheki sana.

Mwingine angebuni tu, nani angejua? Solange alimtafuta mama Florentine, aliyeuza samaki pamoja na Georgette na kumfuata nyuma miaka yote ile. Mama Florentine akajitwika beseni, akavuka ua kama Georgette, akiburuta kidogo mguu wa kulia, akisimama kupumua na kukaza kikwembe kiunoni.

"Goti lilikuwa linamuuma sana," alisema.

Solange alirekodi, akarudi kuchora huku roho haijatulia. Akiuacha mguu ule uburute, atamuumiza mzee. Akiunyoosha, atamdanganya. Aliuacha, na kwa hilo namheshimu kuliko ufundi wake wote.

Siku ya kuonyesha, nilikuwepo. Georgette aligeuka, akaenda zake mtoni na goti lake. Mzee alimtambua mara moja.

"Ni yeye." Akaonyesha goti kwa kidole. "Kumbe alikuwa anaumia. Hakuniambia hata siku moja."

Nilidhani ataomba kurudishiwa picha zake. Badala yake alivuta kiti karibu na kompyuta.

"Solange, unichore na mie pale. Nyuma yake." Akafikiri. "Na beseni, nibebe mie."