Mbizi za Dada Asha Zilizokwama Ndani ya Saa

Niliondoka Dodoma kwenda Hombolo kwa sababu ya saa ya mkononi. Dada Asha, mzamiaji anayepima tope chini ya bwawa la huko, alinipigia simu Ijumaa. Saa yake huhifadhi kina na muda wa kila mbizi, na chuo kimoja cha pwani kilitaka kumbukumbu hizo kabla ya Jumamosi jioni, ndipo kimpokee kusomea ualimu wa uzamiaji. Programu iliyokuja na saa ilishakataa kufanya kazi kwenye kompyuta za sasa.

"Mdogo wangu, miaka yangu sita imo humu," alisema, "na siwezi kuifungua."

Kesho yake saa moja asubuhi niliwasha pikipiki, laptop mgongoni. Ndani yake nilikuwa nimepakua programu huria ya kusoma saa za wazamiaji, iliyoandikwa na wazamiaji wa kujitolea, bure kwa yeyote. Nilipoacha lami vumbi lilinipaka hadi kwenye kope, lakini mizabibu ilikuwa imechipua majani, nami nikaenda naimba.

Saa tatu nilifika. Mama yake Asha, aliyekuja kumtembelea kutoka Kondoa, alinipokea uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye utakayemtoa huyu majini?"

"Hapana, mama. Nimekuja kumzamisha zaidi."

Alicheka mpaka akashika kiuno. "Sisi kwetu korongo likijaa tunakimbia. Huyu sijui kamrithi nani!"

Kazi ilianza vibaya. Nilichomeka waya, nikatafuta aina ya saa ile kwenye orodha ya programu. Haikuwemo. Nikajaribu moja, nikajaribu nyingine; hola.

Nikarudi kusoma maelezo ya wale wa kujitolea. Waliandika kwamba saa isiyo kwenye orodha huenda ikasomeka kwa jina la toleo lililoitangulia. Nikachagua hilo. Kisha mbizi zikaanza kuingia, moja baada ya nyingine, kila moja na mchoro wake.

"Hii hapa!" Asha aligusa mstari uliopanda ghafla. "Siku hii kambale alinipapasa mguu, nikatoka mbio!"

"Kumbe unaogopa samaki!" mama yake alipiga makofi.

Tulituma kila kitu kabla ya adhuhuri. Tukiwa kwenye ugali wa mtama na mlenda, simu ya Asha ikalia; ni watu wa chuo. Asha alisikiliza, akasema "Asante" mara tatu, akamkumbatia mama yake kwa mkono wenye mlenda. Alikuwa amepokelewa.

Alasiri nilirudi mjini. Nilikuwa nimezoea kuchukua programu za bure bila kujiuliza nani alikaa akaziandika. Kabla hata ya kunawa vumbi niliwaandikia wale watu: saa ya aina hii inasomeka, na hivi ndivyo tulivyofanya. Siku chache baadaye jina la saa ile lilikuwa kwenye orodha ya programu. Mwenye saa kama ile, popote alipo, hatahitaji tena kubahatisha.