Figo Langu Kwenye Chupa

Daktari Temu aliweka chupa mezani, na wauza nafaka niliokuja nao kutoka soko la Majengo wakasogea kutazama. "Figo lako hili hapa, mzee. Hatujaliuza."

Chekeni tu. Nilipokuwa nakojoa damu nilipasuliwa hospitalini hapo hapo, na kaka yangu Yona akaniambia wametoa jiwe. Nikashukuru, nikarudi kuuza mtama. Juzi mgongo uliponiuma nikaenda kwenye zahanati moja ya hizi za watu binafsi zinazoota kila kona. Mpimaji akaniuliza, "Mbona una figo moja?"

Nikapandwa na wazimu. Siku hizi za soko huria kila kitu kinauzwa, nikaona na figo langu limeshapata mteja. Nikapiga kelele sokoni, mjinga mimi, kisha nikaongoza msafara kwenda hospitali. Yona alinivuta shati: "Mdogo wangu, turudi nyumbani." Nikamwita mla rushwa.

Sasa daktari akanionyesha uvimbe mle chupani. "Hii ni saratani. Tungeliacha, ungekufa. Kaka yako alituomba tusikwambie, eti hofu ingekumaliza."

Nikawageukia wenzangu waliokuja kunitetea. Mama Asha, muuza maharage, akainamisha kichwa. "Tulikuja kukuzuia, baba. Sisi tulijua tangu ulipolazwa. Yona alituapisha."

Soko zima! Haya Yona, na wewe Daktari Temu, nijibuni mbele ya watu hawa hawa: aliyekuwa anaumwa ni nani?