Verna Ostby na Gogo la Njia ya Ziwani

Verna Ostby hapendi kuonewa huruma. Mwonee uone, atakuchamba mchana kweupe mbele ya mchungaji wako. Namjua vizuri, maana kazi yangu ni kupigilia vyuma vya kwato, na nyumbu wake, wale chotara wa punda na farasi, nimewahudumia tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Maisha yake yote aliendesha basi la shule hapa kwetu Montana, Marekani. Sasa magoti yamekwisha kabisa. Kutoka mlangoni hadi zizini anajikongoja kwa fimbo mbili, lakini mpandishe juu ya Sajini, nyumbu wake! Hapo mabega yananyooka, na sisi wengine tunabaki kula vumbi lake.

Ndiyo maana mkutano tulioitiwa na ofisi ya misitu ulituchoma. Marisol Quade, afisa wa misitu, binti mpole tu, alitueleza kwamba dhoruba imeangusha miti kwenye njia ya farasi iendayo Ziwa Kunguru, na ofisi haina watu wa kuiondoa. Kama nyumbu wenye mizigo hawataweza kupita kufikia Jumamosi ya mwisho ya Julai, njia itafutwa kwenye ramani.

"Ziwa lenyewe halifungwi," akatuliza. "Watu wataruka magogo, watafika."

"Mwanangu," Verna akamwambia, "mimi kizingiti cha choo changu kinanishinda. Ukiifuta njia ya farasi, umenifuta mimi."

Marisol aliinamisha kichwa. Amri haikuwa yake.

Basi tukapanda mlimani sisi wa kujitolea, na farasi wetu, na mahema. Kule injini ni marufuku, kwa hiyo tunakata kwa msumeno mrefu wa watu wawili, mmoja huku na mmoja kule. Unavuta, unaachia, mwenzako anavuta. Ukijitia kusukuma, chuma kinapinda na matusi unayapata hapo hapo. Verna tulimweka kambini apike. Alipika kwa hasira, jamani! Maharage yale yalikuwa chumvi tupu, na hakuna aliyethubutu kulalamika.

Jumamosi ikafika na gogo moja limebaki, nalo ndilo lililokuwa baba lao. Lilikuwa msonobari mnene kuliko pipa, umelala chini kabisa ukiikata njia pembeni mwa genge, hakuna pa kuzunguka. Ilibidi tukate mara mbili ili pande la katikati litoke. Mkato wa kwanza tulimaliza. Wa pili ulifika nusu tukawa hoi. Lyle Tverdal, fundi wetu wa msumeno, bado alikuwa na nguvu, ila kila aliyeshika upande wa pili alilegea au alisukuma. Huko bondeni tulishaanza kuwasikia nyumbu wa Marisol wakipanda na mizigo, kuja kuijaribu njia.

Mara Verna huyo, juu ya Sajini.

"Nishusheni!"

"Bibi, kusimama huwezi," Lyle akasema.

"Nani kakwambia nitasimama? Gogo limelala, nami nitakaa."

Tukamketisha chini, Lyle upande wa pili wa msumeno, buti zake bibi zikajikaza kwenye gogo. Hapo ujue wawili hawa walikuwa hawasalimiani tangu Lyle alipomuuzia Sajini kwa kuapa kwamba ni mpole. Mpole! Siku ya kwanza tu mnyama yule alivunja uzio na kula maua ya jirani.

"Usisukume," Lyle akaonya.

"Mimi nilikuwa navuta msumeno, wewe unakojoa kwenye kiti cha basi langu."

"Ilikuwa mara moja tu!"

"Mara mbili. Vuta!"

Wakavuta. Loo! Msumeno ulienda na kurudi bila kukwama, unga wa mti unamwagika mapajani mwa bibi. Mimi nilikuwa nagonga kabari ili mkato usiubane msumeno, na nakiri nilikuwa namwomba Mungu kwa sauti. Jasho lilimtiririka Verna hadi kidevuni. Lyle hakumwambia apumzike, na kwa hilo nitamheshimu daima. Gogo likalia, likapasuka. Tukaliingizia pande lile miti chini kama nyenzo, tukalibingirisha wote kwa kelele, likaporomoka gengeni.

Marisol alitukuta tunahema. Akawaongoza nyumbu wake kwenye uwazi ule. Wa kwanza akapita. Wa pili akapita. Wa mwisho, mwenye masanduku mapana, akagusa gome la kipande kilichobaki, akasimama. Verna akanishika mkono mpaka kucha zikaniingia. Nyumbu akajisogeza kidogo, sanduku likakwaruza, akapita!

"Njia inabaki," Marisol akasema. "Mama, inabaki."

Verna alilia wazi wazi, kamasi na machozi, kisha akatufokea kwa nini tumesimama kama vigingi. Tukampandisha. Akatangulia mbele yetu wote, na tulipotokea ziwani, maji ya buluu yakiwa na theluji ukingoni, hakusimama ufukweni kama tulivyodhani. Alimwingiza Sajini majini, taratibu, hadi maji yakafunika buti zake.

"Utamzamisha huyo mnyama!" Lyle akapiga kelele.

"Njoo umwokoe, basi!"

Lyle akaingia na farasi wake, nguo zote mwilini. Nasi tukafuata. Verna akaachia hatamu, akainua mikono yote miwili, akapiga kelele za furaha hadi sauti ikamkauka.