Ua la Mpungate, Ua wa Mpungate

Harufu ya mpungate unaochomwa bado inanitia kichefuchefu. Si moshi mkavu kama wa kuni. Ni mvuke mzito wa kitu kibichi, unaonata kooni, huku miiba ikipasuka motoni. Nilikua na harufu hiyo upande mkavu wa Mlima Meru, ambako mawingu yalitupita juu juu yakaenda kuwanyeshea wenye kahawa na migomba upande wa pili. Waingereza walikuwa bado wanatawala, na jirani yetu alikuwa setla aliyepewa nyika yote waliyochungia babu zetu. Tulibakiwa na shamba la mahindi na chemchemi ndogo iliyotunywesha sisi na ng'ombe. Nyumbani tulisema Kimeru, na Kiswahili nilikuwa ndio kwanza nakiokota shuleni. Basi mnyapara wa setla alipopita akitangaza kwamba bwana wake anaweka ua mpakani, hatua chache juu ya chemchemi, nilifurahi. Ua nililolijua mimi lilikuwa moja tu, lile la kunusa.

Nisiseme uongo, ule mpungate aliopanda uwe uzio wake ulikuwa na uzuri wake. Haukuwa na majani ya kuonekana, ila mapande ya kijani, mazito na bapa, moja limeota juu ya jingine, na kila pande limejaa miiba. Ulipenda mawe na udongo uliokufa, pale ambapo hata nyasi zilikata tamaa. Kiangazi kilipokaza ndipo ulipochanua. Ua lilifunguka jua likishapata moto, la manjano kama kiini cha yai, na kufikia jioni lilikuwa limeiva rangi ya chungwa, kesho yake limenyauka. Nilikuwa nikigusa nyuzi za katikati kwa kijiti, nazo zinajikunja taratibu kama zinaona haya. Matunda yake mekundu yalikuwa matamu, lakini yalikuwa na vinyweleo visivyoonekana, na aliyeyala kwa pupa alishinda siku nzima ametoa ulimi nje. Ndege na nyani waliyala wakatawanya mbegu. Jambo moja hatukulijua, kwa kuwa mmea ulikuwa mgeni: pande la mpungate likianguka chini halifi. Hujikunja, hukauka usoni kama bibi kizee, na ndani linaishi.

Miaka michache baadaye ua ukawa umeinamia njia ya chemchemi. Mama alirudi na ndoo kichwani na miiba miguuni, na ng'ombe wetu mmoja akajaribu kuula kwa njaa, mdomo ukavimba. Baba akachukua panga. Aliyafyeka mapande yote yaliyovuka upande wetu, na kwa vile hakuthubutu kuyatupa kwa setla, aliyapanga mstari kando ya mahindi, chini ya chemchemi, yazuie mbuzi mpaka yakauke ayachome. Mengine aliyachoma kweli. Yaliyobaki yalilala pale kiangazi chote, yamesinyaa, tukayasahau. Mvua za kwanza ziliponyesha, kila pande lilikuwa limeshika mizizi na kuchipua vidole vya kijani. Sasa palikuwa na nyua mbili, na chemchemi katikati. Mnyapara akaja, akatazama, akacheka.

"Ua wa bwana ndio huu wa chini," alisema. "Maji yamo ndani."

"Huo nimeupanga mimi," baba akamjibu.

"Kumbe! Basi umetusaidia kazi."

Kwetu mpaka ulikuwa isale, mmea wa majani marefu ambao hakuna mwenye akili timamu aliyethubutu kuung'oa. Na jani lake lilikuwa na kazi nyingine. Ukimkosea mtu, hata kwa damu, unalifunga fundo na kumpelekea. Akilipokea, amesamehe, shauri limekwisha. Baba aliamini kwamba mtu anayepanda mmea mpakani, hata akiwa Mzungu, lazima anazijua adabu za mimea. Akavaa koti lake la kanisani, akafunga jani la kuomba radhi kwa kuufyeka ua, akanichukua niseme Kiswahili pale ambapo chake kingekwama. Setla alikuwa kijana. Baba yangu mwenye mvi alimwamkia shikamoo na kumpa jani kwa mikono miwili. Setla akatabasamu, akasema asante sana, akampa mpishi alitie kwenye chombo cha maua mezani. Sikuhitajika kusema neno. Njiani kurudi baba aliimba wimbo wa kanisani, na mimi nikarukaruka mbele yake, kwa sababu tulikuwa tumesamehewa.

Wiki haikuisha wakaja vijana na seng'enge, wakaizungushia chemchemi kwa kufuata mstari wa baba. Alisimama akiwatazama, akirudia, "Lakini alilipokea." Alilisema hilo mpaka uzeeni. Mama alianza kuamka gizani kufuata maji mbali, na shingo yake haikupona tena. Nilimchukia setla yule, na ninamchukia hata sasa.

Aliondoka bendera ilipobadilika, na shamba lake likaangukia kwa wenye fedha wengine. Mimi ninaishi mjini, Levolosi, maji natoa bombani yakitaka kutoka. Juzi mtoto wa kaka yangu aliniita nyumbani, shamba linapimwa. Nilimwambia mpima kwamba mpaka wetu uko juu, ng'ambo ya chemchemi. Mtoto akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwona mzee wake ameanza kuchanganyikiwa.

"Hapana, Shangazi. Mpaka ni ua huu hapa. Kijiji kizima kinajua. Babu mwenyewe ndiye aliyeupanda."

Mpima alipigilia kigingi chake chini ya mpungate. Ulikuwa umechanua wote, manjano tupu, na nyuki wamejaa.