Barua ya Mama kwa Wamarekani

Mwaka mmoja baada ya vita vya Iraki kuanza, mama aliacha kuuza mitumba Kitale. Ukimwi ulikuwa umemkausha hata nikawa namwinua kitandani kama mtoto, mimi msichana wa kidato cha tatu. Hakutaka wateja wake wamwone kwenye foleni ya kliniki, kwa hiyo tukahamia kwa mdogo wake Bungoma, katika nyumba ya kupanga karibu na msikiti.

Mwenye nyumba alikuwa mzee Mwislamu, muuza vipuri vya baiskeli. Kila mchana alisikiliza habari za Iraki redioni akitikisa kichwa. "Ati hao Wamarekani ndio viongozi wa dunia! Nani aliwachagua?" Lakini siku za kliniki ndiye aliyetupeleka kwa pikapu yake, akasubiri mpaka tumalize.

Dawa zilikuwa za bure. Muuguzi alituambia zimelipiwa na serikali ya Amerika. Mzee aliposikia hivyo, alitikisa kichwa, kisha akatufungulia mlango wa pikapu.

Baada ya miezi mitatu mama alienda bafuni peke yake. Baada ya sita alikuwa akibishana na wauza nyanya sokoni. Ndipo akaniita.

"Leta karatasi. Andika Kizungu kizuri, uambie Wamarekani asante."

"Nimwandikie nani, Mama?"

"Si kuna ubalozi Nairobi? Watajua pa kuipeleka."

Nikaandika. Mzee, aliyekuwa akitengeneza mlango wetu, akauliza kama kuna nafasi pale chini. "Waambie wamemrudisha huyu mama, Mungu awalipe. Na uwaambie wale wa Baghdad pia ni mama za watu."

Nilimtazama mama nikidhani atakataa.

"Andika," akasema. "Mtu akikusaidia, si unaweza kumwambia ukweli?"

Hatukujibiwa, na mama hakuona ajabu. Alisema asante haidai jibu.

Siku hizi watu wakibishana kama Amerika ni nchi bora kuliko zote, sina la kuongeza. Ninachojua ni kwamba watu wasiotujua walikubali kodi yao imrudishie mama yangu uhai, na mzee aliyewakasirikia alichoma petroli yake kutufikisha kwenye dawa hizo. Wote nawaombea. Kwenye harusi yangu, Kimilili, mama alicheza viatu vikiwa mkononi, hata mama mdogo akamsihi akae chini, anywe maji kidogo.