Siku Nilipomsemea Binti wa Kaka

Kwetu Juba, wakwe wakija kuposa, shangazi ndiye anayemjibia binti, tena kwa Kibari. Asipoweza, husema mwingine, na shangazi hukaa pembeni kama mgeni. Shangazi pekee nilikuwa mimi. Na Kibari changu, baada ya kukulia uhamishoni Uganda, kilikuwa cha salamu na matusi tu.

Kaka yangu alikuja kwangu, mtaa wa Hai Malakal, na shauri lake.

"Dada, jirani yangu kule mtaani Kator atasema. Wewe iko najua Kiswahili, hiyo kwa wazee haisaidii."

Niliwaka. Nimlee mtoto tangu mama yake afariki, nimsuke nywele, nimuuguze malaria, halafu siku yake asemewe na jirani?

"Nitasema mwenyewe," nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi ulimwengu ulishanifunza vya kutosha, sasa ilikuwa zamu ya mama yangu, niliyeishi naye. Naye hana mchezo. Tangu asubuhi nilipomwomba anifunze Kibari, hakusikia tena Kiswahili, wala Kiarabu cha Juba. Nikiomba chumvi kwa lugha nyingine, ananitazama tu, na kopo la chumvi amelikalia. Tulikula mboga chapwa mpaka nikapandwa na hasira, na hasira ikanifungua kinywa. Nilijifunza kwa kugombana naye: juu ya kuni, juu ya samaki wakavu niliowanunua bandarini, juu ya jinsi anavyomdekeza kaka.

Wakwe wakaja. Mzee wao akauliza kama binti amekubali. Kaka akamtazama jirani, lakini mimi nilikuwa nimeshasimama. Nikasema kwa Kibari kwamba amekubali, ila kama wanatafuta mtu wa kuwatekea maji tu, mto uko pale, wakateke wenyewe.

Mzee akaangua kicheko.

"Huyu anasema kama marehemu mama yangu," akawaambia wenzake. "Hata binti zangu hawawezi kusema hivi."

Vigelegele vikapasua ua. Binti wa kaka alilia kwa furaha, na mimi nikajiona mrefu kuliko wanaume wote pale. Kaka alikuwa anachunguza viatu vyake.

Nilikimbilia jikoni.

"Mama, umesikia?" nikauliza kwa Kiswahili.

Hakugeuka. Nikauliza tena kwa Kibari.

"Nimesikia," akasema, akanyanyuka, akanikabidhi kopo la chumvi nikakoleze mwenyewe mboga ya wakwe.